Ngano Kichwani

Wanasema za mwizi ni arobaini.
Na zako pia, mwizi wa usingizi wangu:
siku arobaini hatukuvuka kizingiti,
bibi yako Varsik kalinda mlango kama askari jela,
kila mgeni kanawishwa hadi viwiko.
Zikatimia Januari sita, Krismasi yetu.
Tukatoka, wewe umefungwa kama kifurushi cha posta,
pua tu nje, na theluji ya Gyumri
ikaionja ile pua, ikayeyuka.
Ulipiga chafya. Baba yako akashangilia
utadhani umefunga goli.

Februari, uani kwa kanisa, moto wa Trndez.
Mimi na Vahagn tulishikana mikono tukauruka;
koti lake likaungua pindoni.
Harufu hiyo bado imo kabatini,
maana koti hakulichukua.
Novosibirsk kuna baridi kuliko hapa, nilimwambia.
Akasema, ndiyo sababu wanalipa.

Aliondoka Machi na kofia yake ya kuchomelea,
nawe ulikuwa hujui hata kugeuka.

Uligeuka Jumatano. Nilimpigia.
Ulicheka kwa sauti, umeona soksi. Nilimpigia.
Pasaka tulichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu
hadi yakawa mekundu kama mawe ya ukuta wetu;
nikakushikisha moja, tukaligonga kwenye la bibi,
la bibi likapasuka. Bingwa wa miezi minne na nusu!
Nilimpigia, mtandao ukakatika,
akasikia mlio tu, akadhani umeanguka.

Juni, jino.
Chini, kushoto, dogo kama chenga ya mchele.
Nililisikia kabla sijaliona: kijiko kiligonga, ti!
Bibi akaacha sufuria, akapiga magoti,
akakuchungulia kinywa kama fundi saa.
Jumapili ndugu wote walikuja, hata wifi yangu Shogher,
ambaye hatukuwa tukisemezana tangu harusi.
Tukakuketisha zuliani, shela kichwani,
na juu ya shela ngano ya kuchemsha na zabibu kavu,
ili meno mengine yaote bila kisirani.
Uliziokota punje ukazila. Hukuwa na haraka.
Mbele yako mkasi, kitabu, nyundo, kitana, noti moja, kijiko:
utakachoshika ndicho utakachokuwa.
Na simu, nimeiegemeza kwenye kitabu,
uso wa baba yako ndani yake, masizi shavuni.
Simu haikuwa ya kuchaguliwa.
Ukajikokota kwa tumbo, ukaupita mkasi,
nyundo ukaitazama kwa heshima,
simu ukaisukuma, ikaanguka chali.
Kimya. Halafu sauti yake:
"Naona dari. Naona ule ufa wa tetemeko.
Nilimwahidi mama kuuziba."
Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilia,
na wewe wakati huo umeshika kijiko.
Mpishi, akasema mjomba Hrant.
Mlafi, akasema bibi.

Julai, Vardavar, siku ya kumwagiana maji,
nilikuchovya vidole tu kwenye beseni.
Shogher akanimwagia mimi ndoo nzima mgongoni,
na hivyo tukaanza kusemezana.

Leo mwaka. Keki ya asali, mshumaa mmoja,
umeutaka ule moto, umenyimwa, umenuna.
Tiketi ya baba yako ni ya Desemba kumi.

Sasa sikiliza, hii ni siri ya ukoo.
Jumanne, kati ya friji na kiti,
ulitembea. Hatua nne, ya tano ukaketi.
Bibi aliona. Shogher aliona.
Jirani wa chini alisikia tulivyopiga kelele,
akagonga bomba kuuliza kulikoni.
Sikumpigia.
Tumekula kiapo jengo zima.
Akifika, akiweka begi chini, akinyoosha mikono,
wewe jifanye hujui.
Simama kama mtu ambaye hajawahi.
Yumba kidogo.